Tangu Sala Gani? Dharura za Kitabibu Liboi na Hesabu ya Wakati

Dharura ya kitabibu ni hali inayoweza kuua au kulemaza ndani ya dakika au saa chache isipotibiwa. Zile zinazofika mara kwa mara Liboi ni chache na zinajulikana: kuharisha hadi mwili kukauka, utapiamlo mkali wa watoto, homa yenye degedege, kuumwa na nyoka, damu ya uzazi na majeraha. Magonjwa hayo hayo yako Kisumu na Kilifi pia. Liboi yanakuwa mazito zaidi kwa sababu ya umbali. Mji huu mdogo wa Kaunti ya Garissa uko ukingoni mwa mpaka wa Kenya na Somalia, mwisho wa barabara ya A3 inayoanzia Thika. Dhobley, mji wa kwanza upande wa pili, uko karibu kilomita 18. Kurudi ndani, Dadaab iko takriban kilomita 80, na Garissa yenye hospitali ya rufaa ya kaunti iko kilomita 100 hivi mbele yake.

Kilomita hizo hazipimiki kwa ramani peke yake. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo Wasomali huziita deyr, na zile za Aprili hadi Juni ziitwazo gu, huigeuza njia kuwa tope. Tena, tangu majeshi ya Kenya yavuke mpaka kuingia Somalia mnamo Oktoba 2011, mabomu ya kutegwa yamekuwa hatari kwa kila gari, na mara nyingi ambulensi husubiri mwanga au walinzi. Mgonjwa anayezidiwa wakati wa magharibi huenda asiondoke hadi alfajiri. Hivyo mhudumu wa Liboi anapaswa kuyashika mambo mawili: kuitambua hatari mapema, na kutibu akijua kwamba usiku mzima uko mikononi mwake.

Kutambua huanza na swali moja: ilianza lini? Mama aliyetembea kutoka malishoni na mtoto mgongoni hana haja ya saa ya mkononi. Akiulizwa, "Hooyo, mtoto anaharisha tangu lini?" hujibu, "Tangu duhur." Muuguzi aliyetoka Mombasa au Kakamega hashindwi kuelewa, kwa kuwa Kisomali na Kiswahili vilichukua majina ya sala kutoka chimbuko moja: duhur ni adhuhuri, casar ni alasiri, maqrib ni magharibi, cishe ni isha. Muuguzi mgeni akisikia jibu hilo huandika "tangu leo" kisha akaendelea. Aliyezoea huandika saa. Liboi iko karibu sana na ikweta, na nyakati za sala hazipishani kwa zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima. Adhuhuri huangukia kati ya saa sita na saa sita na nusu mchana, alasiri saa tisa na nusu hivi, magharibi kiasi cha saa kumi na mbili na robo jioni. Kwa hiyo jibu la mama ni kipimo cha kuaminika, na kila tiba inayofuata hutegemea hesabu hiyo.

Baada ya swali huja macho na mikono. Mpangilio wake haubadiliki: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, kisha fahamu. Je, hewa inapita bila kukoroma wala kuziba? Je, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi? Je, viganja na nyayo ni baridi, na ukucha ukibonyezwa unachukua zaidi ya sekunde tatu kurudisha rangi? Je, anaitika akiitwa, au anaitika akifinywa tu, au haitiki kabisa? Mpangilio huu ndio msingi wa mafunzo ya ETAT+, yaliyojengwa Kenya katika miaka ya 2000 kwa ajili ya watoto wanaofika hospitalini wakiwa mahututi. Faida yake kubwa ni kumzuia mhudumu asivutwe na kilio kikubwa zaidi. Palipo na foleni, mtoto anayelia ana hewa na ana nguvu. Aliyenyamaza begani mwa bibi yake ndiye wa kuangaliwa kwanza.

Kuharisha ndiko kunakojaza vitanda wakati wa ukame, watu na mifugo wanapogombea kisima kimoja, na tena baada ya mafuriko, maji ya juu yanapochafuka. Kipindupindu, ambacho Wasomali hukiita daacuun, kimelipuka zaidi ya mara moja katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa 1991 na 1992. Dalili yake ni choo cha majimaji meupe kama maji ya mchele, kisichokuwa na maumivu makali, kinachoweza kumkausha mtu mzima ndani ya saa chache. Macho huzama, mdomo hukauka, ngozi ya tumbo ikivutwa hukaa imesimama zaidi ya sekunde mbili, mapigo ya kifundo cha mkono hufifia, na mkojo hukatika. Hapo ndipo swali la "mara ya mwisho alikojoa saa ngapi?" linapozidi kipimo chochote cha maabara.

Anayeweza kunywa hupewa maji ya ORS. Kosa la kawaida liko kwenye pakiti yenyewe: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita moja, na familia huzichanganya zote katika chombo kimoja kilichoko nyumbani. Muuguzi makini haelezi kwa maneno tu. Humwomba mama alete chombo chake, hupima maji ndani yake kwa chupa ya soda ya nusu lita, na huweka alama kwa wembe pale maji yanapofika. Mtoto akitapika, maji husimamishwa kwa dakika kumi, kisha huendelea kwa kijiko kimoja kimoja. Mtoto huongezewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Asiyeweza kunywa au aliyelegea huhitaji dripu ya Ringer, mililita 100 kwa kila kilo ya uzito. Mtu mzima na mtoto aliyetimiza mwaka hupewa 30 kati ya hizo ndani ya nusu saa, na 70 zilizobaki ndani ya saa mbili na nusu. Mtoto wa chini ya mwaka huchukua saa moja kwa sehemu ya kwanza na saa tano kwa ya pili. Mfugaji wa kilo 50 anahitaji lita 5 ndani ya saa 3, na lita moja na nusu kati ya hizo iingie katika nusu saa ya mwanzo. Mhudumu asiyewahi kukiona kipindupindu huviogopa viwango hivyo, hutoa nusu lita, kisha hungoja. Kungoja huko ndiko kunakoua. Mgonjwa aliyekuwa na ngozi baridi na macho yaliyogeuka juu anaweza kukaa kitako na kuomba chai kabla ya sala inayofuata, ikiwa maji yameingia kwa kasi inayotakiwa.

Kasi hiyo hiyo humwua mtoto mwenye utapiamlo mkali, na hili ndilo somo linalofundishwa Liboi kwa uchungu mkubwa. Mwaka wa 2011, ukame na njaa ya kusini mwa Somalia vilipoleta makumi ya maelfu ya watu hadi Dadaab, wengi walipitia njia hii ya mpakani kwa miguu. Watoto walifika wakiwa na mkono wenye mzingo chini ya sentimita 11.5, yaani sehemu nyekundu ya utepe wa kupimia, au wakiwa wamevimba miguu yote miwili. Kwa mtoto wa namna hii, dalili za kukauka husema uongo. Macho yamezama kwa sababu mafuta ya nyuma yake yameisha. Ngozi haijirudi kwa sababu chini yake hakuna kitu. Moyo uliokonda hauwezi kusukuma maji mengi yanayoingia kwa ghafla.

Katika kituo kimoja cha mpakani, mtoto wa namna hii aliletwa jioni akiwa amelegea na anaharisha. Tabibu wa zamu alikuwa ametoka kuokoa mtu mzima kwa dripu ya haraka, na mkono wake ukafanya tena kilekile ulichokuwa umefanya saa moja kabla. Kwa dakika ishirini mtoto alionekana kuchangamka. Kisha pua zikaanza kutanuka, pumzi zikapita 60 kwa dakika, na ini likashuka chini ya mbavu. Dripu ilifungwa wakati ambapo mapafu yalikuwa yamekwisha kujaa, na mtoto hakufika alfajiri. Tabibu yule aliandika saa ya kila hatua kwenye karatasi, na kila mhudumu mpya aliyefika baadaye alipewa aisome.

Kanuni iliyotokana na vifo vya aina hiyo duniani kote iko wazi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hunyweshwa maji maalumu ya ReSoMal, mililita 5 kwa kila kilo kila nusu saa kwa saa mbili za kwanza, na pumzi zake zikihesabiwa kila mara. Dripu huwekwa tu akiwa amezimia kwa mzunguko wa damu kudorora, nayo ni ya polepole. Kabla ya hayo yote hupewa sukari, kwa kuwa sukari ya damu yake hushuka hata bila dalili: mililita 50 za maji ya sukari kwa mdomo akiwa macho, au glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 5 kwa kilo, akiwa amepoteza fahamu. Hufunikwa pia na kulazwa kifuani kwa mama yake. Mgeni hushangaa kusikia kwamba mtoto anaweza kufa kwa baridi mahali ambapo joto la mchana hupita nyuzi 35, ila kipimajoto cha kwapani kikisoma chini ya 35 saa tisa za usiku mshangao huisha.

Tahadhari ya kasi ya maji haiishii kwa wenye utapiamlo. Mwaka huohuo wa 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na mzunguko wa damu uliodorora, wasio na utapiamlo mkali wala ugonjwa wa kuharisha. Miongoni mwa waliopewa maji mengi kwa haraka, karibu 11 katika kila 100 walikufa ndani ya saa 48. Miongoni mwa wasiopewa, walikufa 7 katika kila 100. Daktari wa Afrika Mashariki alijifunza kutoka kwa watoto wa Afrika Mashariki kwamba desturi iliyozoeleka vitabuni ilikuwa na madhara. Kwa hiyo, kabla ya kufungua dripu, kwanza hutenganishwa aliyekauka kwa kuharisha, mwenye utapiamlo na mwenye homa. Wote watatu wana mikono baridi, lakini kila mmoja ana kasi yake.

Homa yenyewe, kwa Kisomali qandho, Liboi hufuata mvua. Malaria ya kaskazini mashariki huja kwa misimu, na kwa kuwa watu hawaumwi mwaka mzima, miili yao haijajenga kinga kama ya watu wa pwani au kando ya Ziwa Viktoria. Hata mtu mzima mwenye nguvu anaweza kupoteza fahamu. Degedege ikianza, mgonjwa hulazwa ubavu, hakuna kinachotiwa kinywani, na mtu mmoja hutazama saa. Ikipita dakika tano, hupewa diazepamu, na sukari hupimwa papo hapo. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya atesuneti mara anapofika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24: miligramu 2.4 kwa kilo, au 3 kwa mtoto wa chini ya kilo 20. Hapa pia saa ya sindano ya kwanza ikikosa kuandikwa, anayempokea mgonjwa hubaki kubahatisha.

Kuna homa moja ambayo hutambuliwa kwa kuuliza habari za zizi. Baada ya mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, na tena kuanzia Desemba 2006, homa ya Bonde la Ufa iliwapata watu na mifugo wa Garissa. Huenezwa na mbu na kwa kugusa damu au majimaji ya mnyama mgonjwa. Mfugaji mwenye homa anayetoka damu kwenye fizi, huku mbuzi na kondoo wake wakiharibu mimba kwa wingi, hutengwa, huguswa kwa glavu, na taarifa hutumwa siku hiyo hiyo kwa maofisa wa afya na wa mifugo.

Damu kwenye fizi huweza pia kumaanisha nyoka. Nyika ya Liboi ina moma, ina swila anayetema sumu machoni, ina koboko, na ina nyoka mdogo wa mchangani wa jamii ya Echis, ambaye husugua magamba yake hadi yakatoa sauti kama ya mafuta yanayochemka. Sumu ya huyu mdogo huizuia damu kuganda. Aliyeumwa huweza kufika akitembea, akiwa na uvimbe mguuni tu, huku damu yake imekwisha kuharibika. Kipimo kinachomfaa hakihitaji umeme. Mvulana mmoja aliumwa wakati wa magharibi akiingiza mbuzi zizini, na alifika wakati wa isha akiwa na kamba ya katani imekazwa chini ya goti. Muuguzi alitoa mililita 2 za damu, akaziweka katika chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, isiyooshwa kwa sabuni, akaisimamisha juu ya meza na kutazama saa. Baba alikaa kimya akihesabu tasbihi. Dakika ishirini zilipotimia, chupa iliinamishwa mara moja tu, na damu ikamiminika kama maji ya zabibu. Haikuwapo haja ya kumjua nyoka. Mvulana alihitaji dawa ya kukata sumu.

Dawa hiyo hupewa kipimo kilekile kwa mtoto na mtu mzima, kwa sababu nyoka hapunguzi sumu kwa kuangalia umri. Hutolewa polepole kwenye mshipa, adrenalini ikiwa imevutwa tayari kwenye sirinji kwa hofu ya mzio, na kipimo cha chupa hurudiwa baada ya saa 6. Kabla ya hapo, kinachosaidia ni kumtuliza mgonjwa, kumvua pete na bangili, kufunga ubao ili kiungo kisitikisike, na kumbeba badala ya kumtembeza. Kuchanja, kunyonya jeraha, kuweka jiwe na kukaza kamba hudhuru. Kamba ikikutwa imefungwa, haikatwi kwa pupa: mshipa hupatikana kwanza, dawa huwekwa karibu, ndipo hulegezwa. Aliyetemewa machoni huoshwa kwa maji mengi yasiyo na kitu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, jambo ambalo wafugaji walikuwa wakilisema kwa makaburi yao.

Majeraha ya risasi, ya mlipuko na ya ajali za barabarani huleta hukumu iliyo kinyume kuhusu kamba. Damu inayoruka kutoka mkononi au mguuni hubanwa kwa kitambaa na uzito wa mwili. Isipokoma, mkanda hukazwa juu ya jeraha hadi damu ikatike, na saa ya kukaza huandikwa mahali pa wazi, hata kwenye paji la uso. Zikipita saa mbili, kiungo chenyewe huingia hatarini.

Damu ya uzazi ndiyo yenye muda mfupi kuliko zote. Mwanamke aliyejifungua nyumbani akaletwa na wakunga wa jadi huwa amefunikwa nguo nyingi za stara, na damu huwa imenywewa na nguo za chini zisizoonekana. Kumfunua kwa heshima, mbele ya wanawake tu inapowezekana, ni sehemu ya uchunguzi. Huulizwa mtoto alitoka wakati wa sala gani na kama kondo la nyuma limetoka. Kizazi husuguliwa juu ya tumbo hadi kikaze kama ngumi, kibofu humwagwa, na oksitosini yuniti 10 huchomwa. Dawa hiyo huhitaji jokofu la nyuzi 2 hadi 8, na jokofu likizimika Liboi dawa hupoteza nguvu bila kubadilika rangi. Ndiyo maana kabetosini isiyoharibiwa na joto, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 kwa kuzuia kutokwa na damu, ina maana kubwa mahali kama hapa. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwenye mshipa, huokoa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Jibu la "tangu alasiri" ndilo linaloamua kama dawa hiyo bado ina faida.

Mjamzito au mzazi mwenye shinikizo la juu la damu, maumivu ya kichwa na macho yenye kiwi yuko karibu na kifafa cha mimba. Hupewa magnesiamu salfeti, gramu 4 kwenye mshipa polepole na gramu 5 katika kila tako. Kisha hufuatiliwa pumzi, mkojo na mtikisiko wa goti, kwa kuwa dawa ikizidi huzima pumzi.

Hatua ya mwisho ni rufaa, nayo huanza mgonjwa anapoingia mlangoni. Gari huitwa mapema, jamaa wenye damu ya kundi linalofaa hutafutwa waandamane naye, na anayembeba hufundishwa kusugua kizazi au kuhesabu pumzi njiani. Karatasi ya rufaa hubeba mambo matano: saa ugonjwa ulipoanza, saa mgonjwa alipofika, hali yake alipoingia, kila dawa na saa iliyotolewa, na hali yake alipoondoka. Daktari wa Garissa akisoma kwamba traneksamiki ya kwanza ilitolewa saa moja na dakika kumi usiku na damu bado inatoka, anajua kwamba dozi ya pili inaruhusiwa. Akiona atesuneti ya kwanza ilichomwa adhuhuri, anajua ya pili ni usiku wa manane. Matibabu yaliyoanzia mpakani huendelea bila kurudiwa wala kurukwa, na zile saa zilizopitia mchangani zinahesabika kuwa saa za tiba.